Kuminya olivini hadi kilomita 800 chini ya ardhi: mwongozo kamili wa seli ya almasi

Shinikizo kubwa lenyewe halisumbui. Chukua almasi mbili ndogo zenye ncha bapa, zielekezanishe, kaza skrubu nne kwa mkono bila mashine yoyote, na utafika gigapaskali 30 (kwa kifupi GPa 30). Hiyo ni karibu mara 300,000 ya shinikizo la hewa ya usawa wa bahari, na ndiyo hali iliyopo ndani ya mwamba kwenye kina cha kilomita 800 hivi. Kinachosumbua ni maswali yanayofuata. Una shinikizo gani hasa? Sampuli imepata joto gani hasa? Na ulichokiona kimetoka kwenye jiwe lako, au kwenye unyevu na uchafu ulioingia nalo? Ndiyo maana katika mwongozo huu sehemu ya kukaza skrubu ni fupi, na sehemu za kupanga, kusafisha na kupima ni ndefu.

Nimemlenga mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara aliyepata nafasi mahali penye seli ya almasi, yaani kifaa hicho cha kuminyia kati ya almasi mbili, na leza, ambaye bado hajazigusa. Anayesoma kwa udadisi tu naye ataona jinsi tunavyojua habari za mahali ambapo hakuna kisima kitakachofika.

Tunatafuta nini

Kati ya ganda la dunia tunaloishi juu yake na kiini cha chuma kuna tabaka nene la mwamba liitwalo koti la dunia. Linashuka hadi kilomita 2,890. Sehemu ya juu ya koti hilo imejaa olivini, madini ya kijani ya magnesi, chuma na silika. Kadiri unavyoshuka, atomi za olivini hulazimika kujipanga upya ili zichukue nafasi ndogo zaidi. Karibu na kilomita 410, kwenye GPa 14 hivi, olivini hugeuka wadsleyaiti. Karibu na kilomita 520 hugeuka ringwudaiti. Karibu na kilomita 660, kwenye GPa 23 hadi 24, ringwudaiti nayo huvunjika na kuzaa madini mawili: brijmanaiti na feroperiklesi. Mawimbi ya matetemeko ya ardhi hubadili mwendo ghafla kwenye kina cha 410 na 660. Kazi ya maabara ni kuonyesha kwamba mabadiliko haya ya madini ndiyo yanayoeleza miruko hiyo.

Brijmanaiti ndiyo madini yaliyo mengi kuliko yote duniani, lakini ilipata jina rasmi mwaka 2014 tu. Kanuni za majina ya madini zinadai sampuli ya asili, na ile ya maabara haihesabiki. Sampuli hiyo ilipatikana ndani ya kimondo cha Tenham kilichoanguka Australia mwaka 1879. Jina limetokana na Percy Bridgman, Mmarekani aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1946 kwa kazi zake za shinikizo kubwa.

Mpango wetu una vituo viwili. Kwanza tutapandisha olivini hadi GPa 20 au 21 na kuipasha joto ili igeuke ringwudaiti. Kisha tutaendelea hadi GPa 30 na kupasha tena ili ivunjike. Nimechagua kituo cha kwanza kwa makusudi: ringwudaiti yenye chuma kidogo ni ya buluu. Mwanafunzi anaona kwa macho yake mwenyewe, kupitia hadubini, jiwe la kijani likigeuka buluu palipopita leza. Hakuna mchoro wa kompyuta unaofundisha kama jambo hilo.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza: shinikizo bila joto halitoshi. Ukiminya olivini baridi hadi GPa 30 itabaki olivini, imebanwa tu na kukunjamana. Atomi zinahitaji joto ili ziweze kuhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Mtu akikuambia amepata brijmanaiti bila kupasha, muulize maswali.

Vifaa

Seli ya almasi yenyewe ni kopo la chuma linaloenea kiganjani, lenye pistoni na silinda zinazoingiana bila kucheza. Ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani mjini Washington, mikononi mwa Charles Weir, Ellis Lippincott, Alvin Van Valkenburg na Elmer Bunting. Almasi walizozitumia mwanzoni zilikuwa zimekamatwa kwa walanguzi. Wao hawakuhitaji uzuri wa vito. Walihitaji kitu kigumu ambacho mwanga unapita. Hiyo ndiyo siri ya kifaa hiki hadi leo: unaminya na kutazama kwa wakati mmoja, kupitia dirisha lilelile linalominya.

Kwa kazi yetu chagua almasi zenye ncha bapa ya kipenyo cha mikromita 300. Zinavumilia GPa 30 kwa raha, na zinaachia nafasi ya kosa. Ncha ya mikromita 100 yenye kingo zilizochongwa mteremko inapelekwa zaidi ya GPa 150, lakini hiyo si kazi ya mwezi wa kwanza. Hesabu ya nguvu inashangaza kwa udogo wake. Eneo la ncha ya mikromita 300 ni milimita ya mraba 0.07. Kufikisha GPa 30 juu ya eneo hilo kunahitaji kani ya niutoni 2,100 hivi, sawa na uzito wa magunia mawili ya mahindi. Sehemu nyingine ya kani huliwa na gasketi, yaani bamba la chuma linalokaa kati ya almasi, kwa hiyo utakaza zaidi ya hapo, ila bado ni kazi ya mkono na alenki, ufunguo mdogo wa pembe sita.

Almasi iwe na mng'ao mdogo inapopigwa na leza, la sivyo mng'ao wake utafunika mwanga wa yakuti, jiwe jekundu litakalotupimia shinikizo. Mwambie muuzaji hivyo waziwazi. Chini ya kila almasi kuna kiti cha kabaidi ya tungsteni chenye tundu la kupitishia mwanga. Zaidi ya hapo utahitaji hadubini nzuri yenye mwanga wa juu na wa chini, sindano nyembamba, bamba la reniamu (chuma kigumu cha gasketi), punje za yakuti, chumvi ya kloridi ya potasi, spektromita ya kupimia mawimbi ya mwanga, na leza ya kupashia yenye mawimbi ya nanomita 1,064.

Kupanga almasi

Hapa ndipo majaribio mengi yanapofia, na hufa kimyakimya, kwa sababu dalili huonekana baadaye sana kwenye GPa 15 wakati hakuna tena la kufanya. Tenga nusu siku. Usipange almasi jioni umechoka.

Anza na kiti. Kifute kwa asetoni, kisha kwa alkoholi, kisha kiangalie kwa hadubini kwenye mwanga wa pembeni. Punje moja ya vumbi iliyobaki kati ya kiti na tako la almasi inatosha kuipasua, kwa kuwa mzigo wote utapita kwenye punje hiyo. Futa pia tako la almasi. Weka almasi katikati ya tundu, ibane kwa kishikio, kisha zungushia gundi ya epoksi pembeni bila kuruhusu gundi iingie chini. Gundi ipo kuzuia almasi isiteleze; kazi ya kubeba mzigo si yake. Iache ikauke kabisa.

Sasa ingiza pistoni kwenye silinda na utazame kutoka juu. Utaona ncha mbili, moja ikiwa na ukungu kwa sababu haipo kwenye umbali uleule. Zikaribishe polepole. Kwa skrubu ndogo za pembeni sogeza kiti kimoja hadi kingo za ncha mbili zilaliane, upande kwa upande na kona kwa kona. Ukidhani umemaliza, zungusha seli nyuzi 90 chini ya hadubini na utazame tena. Jicho linadanganyika na kivuli.

Kisha kuna mwinamo. Safisha ncha mara ya mwisho, zigusanishe kwa uzito wa vidole tu, bila skrubu yoyote. Almasi zikigusana bila gasketi na ukakaza skrubu hata kidogo, umezivunja. Zikikaribiana sana, utaona mistari ya rangi ikitokea kati yake: waridi, kijani, njano, ikijirudia. Mistari hiyo inatokana na mwanga unaorudi kutoka nyuso mbili zilizotenganishwa na hewa nyembamba mno. Mistari mingi na myembamba maana yake uso mmoja umeinama. Rekebisha mwinamo wa kiti, gusanisha tena, hesabu mistari. Inapungua na kupanuka. Endelea mpaka ncha nzima iwe na rangi moja, au mstari mmoja mpana usioisha. Mistari ikihama upande mwingine kila unapobonyeza, tatizo haliko kwenye kiti. Pistoni inacheza ndani ya silinda, na seli hiyo haifai kwa kazi hii.

Baada ya gundi kukauka, rudia ukaguzi wote. Rudia tena baada ya jaribio la kwanza la gasketi, kwa maana almasi hukaa sawasawa kwenye kiti inapopata mzigo kwa mara ya kwanza.

Gasketi

Gasketi ni bamba la chuma lenye tundu katikati. Tundu hilo ndilo chumba cha sampuli, na ukingo wake ndio ukuta. Chuma cha pua kinatosha kwa shinikizo la wastani, lakini kwa kazi yenye joto kali nenda na reniamu, yenye ugumu na uvumilivu wa joto.

Weka bamba la unene wa mikromita 250 kati ya almasi na ulikandamize kabla ya kulitoboa. Tia punje ya yakuti ili ujue umefika wapi. GPa 20 inatosha kwa mpango wetu. Bamba litabaki na bonyeo dogo lenye unene wa mikromita 35 hivi katikati, na chuma kilichosukumwa nje kitasimama kama ukuta kuzizunguka ncha. Ukuta huo ndio unaozuia almasi zisipasuke pembeni, kwa hiyo usiupige wala kuusawazisha. Kabla ya kulitoa, weka alama ya upande wa juu na mwelekeo, kwa maana lazima lirudi jinsi lilivyokuwa.

Toboa kwa mashine ya cheche za umeme au kwa leza. Kipenyo kiwe mikromita 100 hadi 120, yaani kama theluthi moja ya ncha. Tundu kubwa linavutia kwa sababu linaingiza sampuli kubwa, lakini ukuta mwembamba hufunguka. Ninapenda kuanza na dogo. Tundu lililopotoka katikati kwa mikromita 10 litaendelea kutoroka upande huohuo kadiri unavyokaza. Likipotoka zaidi ya hapo, tupa bamba, toboa lingine. Reniamu ni ghali, almasi ni ghali zaidi. Mwisho kabisa, osha gasketi kwa mitetemo ya sauti ndani ya asetoni, kwa sababu kazi ya kutoboa huacha masizi na vipande vya chuma kwenye kingo, na vipande hivyo vitameza leza na kung'aa mahali usipopataka.

Sampuli

Olivini ya San Carlos, Arizona, ndiyo inayotumiwa na maabara nyingi duniani, kwa hiyo matokeo yako yanalinganishwa kirahisi na ya wengine. Ina magnesi kwa chuma kwa uwiano wa karibu 90 kwa 10. Kwa walio Afrika Mashariki, volkano za Lashaine na Labait kaskazini mwa Tanzania zimepandisha juu vipande vya koti la dunia vyenye olivini, na vimechunguzwa na wanajiolojia kwa miaka mingi. Ukitumia vya huko, pima kemia ya kila punje kwanza, kwani kiasi cha chuma hutofautiana, na shughulikia vibali vya utafiti na vya kusafirisha sampuli mapema kabla ya kununua tiketi.

Chuma hicho kina kazi. Leza ya nanomita 1,064 inamezwa na chuma kilichomo kwenye olivini. Olivini tupu ya magnesi huiacha leza ipite bila kuota joto, na ndipo watu hulazimika kuchanganya unga wa platinamu, jambo linaloleta matatizo yake.

Sugua punje pande zote mbili mpaka ibaki na unene wa mikromita 10 hivi, kisha vunja vipande na uchague chenye upana wa mikromita 40 hadi 50 kisicho na ufa wala doa. Usitumie kipande kinachogusa ukuta wa tundu. Kikigusa, chuma cha gasketi kitavuta joto upande mmoja, na vipimo vyako vya joto havitakuwa na maana.

Kujaza chumba

Almasi inapitisha joto kuliko karibu kila kitu tunachokijua. Sampuli ikiigusa moja kwa moja, leza itapasha na almasi itapoza, na hutafika popote. Kwa hiyo sampuli hulazwa kati ya vipande viwili vyembamba vya chumvi, kimoja chini na kimoja juu, kila kimoja mikromita 10 hivi. Natumia kloridi ya potasi. Ni laini, inagawa shinikizo vizuri, haimezi leza, na haipendi kuchanganyika na silika. Mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, unaosifiwa kwa kazi za baridi hadi GPa 10, hapa haufai kabisa. Kwa joto kali huoza na kuingiza maji na kaboni kwenye sampuli.

Neoni au heliamu hugawa shinikizo vizuri zaidi ya chumvi, ila zinadai mashine ya kuingiza gesi kwa mgandamizo mkubwa. Agoni ina njia ya mkato: ipoze kwa nitrojeni kimiminika ndani ya chombo kilichofungwa mpaka iwe kimiminika, zamisha seli wazi, kisha ifunge ikiwa humohumo.

Adui wa chumvi ni unyevu. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 usiku kucha, na baada ya kuijaza, rudisha seli nzima kwenye oveni ikiwa na mwanya kidogo kabla ya kuifunga. Maabara iliyo pwani isiyo na kiyoyozi itateseka na hatua hii kuliko zote. Maji kidogo yakibaki hushusha kiwango cha kuyeyuka na kubadili madini yanayozaliwa. Ringwudaiti hasa huyameza. Ile iliyopatikana ndani ya almasi ya Juína, Brazili, na kutangazwa mwaka 2014, ilikuwa na maji zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake. Usije ukatangaza bahari chini ya ardhi kumbe ni jasho la mkono wako.

Ujazaji wenyewe unafanywa kwa ncha ya sindano chini ya hadubini. Punje hunasa kwenye sindano kwa umeme wa msuguano. Igeuze sindano taratibu, gusisha punje kwenye ukingo wa tundu, nayo itajivua. Chumvi kwanza, kisha olivini katikati, kisha punje mbili za yakuti zisizozidi mikromita 5, mbali na mahali leza itakapopita, kisha chumvi ya juu. Mbili, kwa sababu tofauti kati yao itakuambia kama shinikizo limegawanyika sawasawa. Funga, na piga picha. Picha hiyo utaihitaji baadaye kuliko unavyodhani.

Kupandisha na kupima

Skrubu za seli nyingi huwa nne, mbili zikikaza kulia na mbili kushoto ili zisipotoshe pistoni. Kaza za mkabala kwa pamoja, nyuzi chache tu, kisha subiri dakika kadhaa. Shinikizo huendelea kupanda baada ya mkono wako kutulia. Kila hatua tazama tundu. Likipungua kidogo na kubaki duara, mambo ni mazuri. Likipanuka, gasketi inafunguka. Likikimbilia upande mmoja, simama, shusha, anza upya. Usijiambie kwamba litajirekebisha.

Kipimo ni yakuti nyekundu. Ukiipiga kwa leza ya kijani au ya buluu hung'aa mistari miwili myekundu, na mstari mkuu upo kwenye nanomita 694.2 katika hali ya kawaida. Shinikizo likipanda, mstari husogea upande wa mawimbi marefu. Njia hii ilitoka kwenye taasisi ileile ya viwango mwaka 1972, na vipimo vya Ho-kwang Mao na wenzake vya mwaka 1986 bado vinatumika kila siku. Kwa vipimo hivyo, GPa 20 utaiona kwenye nanomita 701.3 na GPa 30 kwenye 704.6 hivi. Soma upya mstari wa yakuti iliyo nje ya seli kabla ya kila kikao, kwa sababu spektromita huhama yenyewe. Na usipime yakuti ikiwa bado na joto: nyuzi 6 za ziada zinakudanganya kwa GPa 0.1. Mistari miwili ikianza kuvimba na kuungana, ujue mgandamizo hauko sawa pande zote.

Acha seli itulie usiku mmoja kabla ya leza. Inapofika asubuhi shinikizo litakuwa limepanda kidogo. Andika namba zote mbili.

Leza

Kabla ya lolote: mwanga wa nanomita 1,064 hauonekani, na unaunguza retina, utando wa ndani wa jicho, kabla hujakwepa. Vaa miwani iliyoandikwa wimbi hilo, vua saa na pete, funga mlango, washa taa ya onyo. Maabara isiyokupa miwani sahihi usiifanyie kazi.

Pasha kutoka pande zote mbili. Leza ya upande mmoja huacha uso wa nyuma ukiwa baridi kwa mamia ya nyuzi, na madini yanayozaliwa yanakuwa mchanganyiko usioelezeka. Anza na nguvu ndogo na upandishe polepole huku ukitazama. Sampuli itaanza kuwa nyekundu hafifu, kisha rangi ya machungwa, kisha njano. Joto hupimwa kwa mwanga huohuo: unakusanya rangi kati ya nanomita 600 na 900 na kuulinganisha na kanuni ya Planck ya kitu kinachong'aa. Chini ya nyuzi 900 hivi za Selsiasi mwanga ni hafifu mno, kwa hiyo usiamini namba yoyote ya hapo.

Hata namba za juu zina mashaka ya nyuzi 100 au zaidi. Lenzi hazikusanyi rangi zote mahali pamoja, doa la leza lina joto kali katikati na dogo pembeni, na sampuli si kitu cheusi kamili kama kanuni inavyodhani. Matokeo yenye joto la "1,500, pungufu au zaidi kwa 5" ni ya kutiliwa shaka, hata yakiwa yamechapishwa kwenye jarida kubwa.

Kwenye GPa 20 hadi 21, shikilia nyuzi 1,400 hadi 1,500 kwa dakika kumi hivi na upitishe doa la leza polepole juu ya kipande chote. Zima na utazame. Palipopita leza pataonekana buluu, hafifu au kolevu kutegemea chuma na unene. Pima yakuti tena, maana shinikizo hubadilika baada ya kupasha. Wakati wa joto lenyewe huwa limeongezeka kwa GPa kadhaa, na yakuti iliyo pembeni haiwezi kukuambia hilo.

Kisha kaza hadi GPa 30, subiri, na pasha kwenye nyuzi 1,700. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Marekani Brandon Schmandt na Steven Jacobsen lilipopasha ringwudaiti ya buluu yenye maji kwenye shinikizo kama hili, madoa ya leza yaligeuka rangi ya machungwa ndani ya fuwele ya buluu. Nawe tazamia buluu kutoweka palipopashwa. Leza ikiruka ghafla, mwanga ukameta kwa nguvu kisha ukafifia, sampuli imeyeyuka au imekimbia. Zima papo hapo.

Kujua ulichopata

Rangi ni dalili, ushahidi ni mwingine. Kwa kituo cha kwanza spektroskopia ya Raman, inayotambua madini kwa mitetemo ya atomi zake chini ya leza, inatosha. Olivini ina vilele viwili vinavyoshikana karibu na 824 na 856 kwa sentimita, wadsleyaiti karibu na 723 na 918, na ringwudaiti karibu na 797 na 840. Hizi ni namba za shinikizo la kawaida. Ndani ya seli zote zitakuwa zimesogea juu. Ukiona jozi ya 723 na 918 maana yake umesimama kwenye shinikizo la chini kuliko ulivyodhani, na yakuti yako inahitaji kuulizwa.

Kwa kituo cha pili Raman haitoshi. Brijmanaiti ina ishara dhaifu na feroperiklesi karibu haina kabisa. Hapo unahitaji difraksheni ya eksirei, yaani kusoma mpangilio wa atomi kwa jinsi zinavyotawanya eksirei, na kwa sampuli ya ukubwa huu maana yake ni sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana, kwa kuwa mwale wake hukusanywa hadi mikromita chache na picha moja huchukua sekunde. Ulaya kuna ESRF mjini Grenoble na PETRA III mjini Hamburg, Marekani kuna Advanced Photon Source karibu na Chicago, Japani kuna SPring-8. Afrika haina sinkrotroni hata moja hadi sasa; iliyo jirani zaidi ni SESAME ya Jordan. Muda wa mwale hutolewa bure kwa utafiti utakaochapishwa, kwa maombi yanayoshindanishwa. Wapimaji wa maombi husoma mengi kwa siku moja, kwa hiyo sema kwenye aya ya kwanza ni swali gani, kwa nini haliwezi kujibiwa kwenye maabara ya kawaida, na kwamba seli zako zimeshapimwa zikafanya kazi. Picha zako za buluu ziweke hapo.

Ukifika kwenye mwale, piga ramani ya sampuli nzima kwa hatua za mikromita 5 kabla ya kuchagua mahali. Ukipiga doa moja katikati na kwenda zako, hutajua kama olivini iliyobaki pembeni ndiyo unayoiita mchanganyiko. Piga pia chumvi peke yake: nafasi kati ya atomi za fuwele yake ni kipimo cha pili cha shinikizo kisichotegemea yakuti. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, ripoti vyote viwili.

Kushusha

Almasi nyingi hupasuka wakati wa kushusha, mwendeshaji akiwa ameshapata data na anataka kwenda kula. Legeza kama ulivyokaza: mkabala kwa mkabala, nyuzi chache, kusubiri. Chini ya GPa 5 punguza mwendo zaidi. Brijmanaiti hubaki ilivyo ukiitoa katika joto la kawaida, lakini ni dhaifu. Mwale mkali wa elektroni huigeuza kioo mara moja, kwa hiyo anayeichunguza kwa hadubini ya elektroni ajue hivyo mapema.

Yeyusha chumvi kwa tone la maji, chukua gasketi nzima ikiwa na sampuli ndani, iweke kwenye kisanduku chenye namba ya seli, tarehe, shinikizo kabla na baada ya kila upashaji, na nakala ya ile picha ya kwanza. Kagua ncha za almasi kwa mwanga wa pembeni. Ufa wa duara kuzunguka ncha unaanza mwembamba kama unywele. Almasi yenye ufa huo bado inaweza kukandamiza gasketi, ila isiwekewe tena sampuli. Seli ikiwa salama, isafishe siku hiyohiyo, kabla chumvi haijavuta unyevu na kutafuna viti.